Vigelegele Viwili Vilivyosalia

Mazoezi ya mahafali yetu yalifanyika katika uwanja wa mpira ulio nyuma ya kanisa, siku moja kabla ya sherehe yenyewe. Tulipangwa kwenye viti vya plastiki kama watoto wa shule ya Jumapili, ingawa katika safu yetu ya uzamili hakukuwa na mtoto. Mimi nilikuwa nimetimiza miaka hamsini na moja, nina magoti yenye maoni yake, na nilikuwa nimesoma jioni kwa sababu mchana huandika makala ambazo watu huniambia wameziona. Hawasemi wamezisoma.

Kasisi wa chuo ana sauti nzuri, na anajua kwamba ni nzuri. Alitufundisha kutembea bila haraka, kupanda jukwaa kwa mguu wa kulia, kupiga goti mbele ya mkuu wa chuo ambaye ni askofu, kuguswa kichwani, kisha kuinuka bila kukanyaga joho. Baada ya hapo kila mtu angerudi kitini kungoja sehemu ya mwisho, ambapo wahitimu wote hupewa taulo ndogo nyeupe na kuombewa. Taulo ndiyo mila ya chuo chetu. Humkumbusha mhitimu kwamba aliyesoma sana ndiye anayetakiwa kuinama kwanza kuwaosha wengine miguu. Mila hiyo naipenda, na nalisema hilo mapema, kwa maana yanayofuata yanaweza kumfanya mtu anidhanie kuwa mpinzani wa kanisa. Mimi ni mpinzani wa jambo moja tu.

"Vigelegele," kasisi alisema, na akanyamaza kidogo ili neno lenyewe lione aibu. "Hakutakuwa na vigelegele majina yanaposomwa. Wala filimbi, wala vuvuzela. Hii ni ibada, si mkutano wa siasa. Vigelegele vina nafasi yake kwenye ratiba."

Nikafungua ratiba waliyotutumia kwenye simu. Kweli, nafasi ilikuwepo. Baada ya shukrani za makamu mkuu wa chuo na kabla ya sala ya kufunga, kulikuwa na mstari ulioandikwa: Vigelegele (wote).

Nikanyoosha mkono. "Na mama wa mtu akishindwa kujizuia?"

"Wahudumu watamsindikiza nje," alijibu. "Kwa upendo."

Watu wakacheka. Mimi nilicheka pia, kicheko cha mtu anayemjua mama yake.

Mama yangu anaishi katika nyumba ileile ya manispaa nilimokulia, karibu na mahakama za Makadara, na katika mtaa ule anajulikana kwa jambo moja kuliko yote: vigelegele. Kwao milimani huitwa ngemi, na yeye alikuja navyo mjini akiwa bibi harusi kama wengine wanavyokuja na sufuria. Mtoto akizaliwa anaitwa. Posa ikija anaitwa. Mwaka ambao maji yalirudi mabombani baada ya ukame mrefu, hakungoja kuitwa. Jirani yake wa mlango wa pili ni Mwislamu, mzaliwa wa mtaa huo huo, naye ana vigelegele vya kwao, vyembamba na virefu. Tangu nikiwa mtoto wameshirikiana Idi na Krismasi, mmoja akipokea pale mwenzake anapoishiwa pumzi.

Sasa, watu wa kwetu wana hesabu yao. Mtoto wa kiume akizaliwa hupigiwa vigelegele vitano. Wa kike hupigiwa vitatu. Hakuna anayeuliza kwa nini, kama vile hakuna anayeuliza kwa nini mlango uko pale ulipo. Siku niliyoletwa nyumbani kutoka hospitali ya uzazi, bibi yangu mzaa baba alisimama mlangoni na kupiga vitatu. Hakuwa mwanamke mbaya. Alileta maziwa na ndizi, alinibeba, alinibusu. Lakini alipiga vitatu akanyamaza, na mama yangu aliyekuwa amelala kitandani akasubiri. Ananiambia mpaka leo kwamba alisubiri. Anasema chumba kilikuwa kimoja na kimya kilikijaza.

"Nikamwambia Mungu, hivi viwili nitavipiga mwenyewe," husema. "Nikipata siku."

Siku ilichelewa. Kaka zangu walipigiwa vitano vyao, wakakua, wakawa watu wa kawaida kabisa. Mimi nilisoma nikafika chuo kikuu cha serikali, na nilipomaliza, chuo kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya fujo, mahafali yakaahirishwa mpaka yakasahaulika, na cheti changu cha shahada ya kwanza nilikabidhiwa kupitia kidirisha na karani aliyekuwa akila karanga. Mtu hawezi kumpigia karani wa karanga vigelegele. Arusi yangu ilifanyika kwa mkuu wa wilaya, wanane chumbani, na haikudumu kiasi cha kuhitaji kelele. Kwa hiyo nilipomwambia mama kwamba nimekubaliwa kusoma uzamili katika chuo cha kanisa, kilomita chache tu kutoka nyumbani, hakuuliza nitasomea nini. Aliuliza: "Kutakuwa na sherehe?"

Hilo ndilo lililokuwa linasubiriwa. Mimi nilitaka shahada. Yeye alitaka vitano.

Jioni ile baada ya mazoezi nilikwenda kwake nikiwa nimeazimia kutomwambia lolote kuhusu marufuku. Nilimkuta na jirani, wanakunywa chai ya tangawizi. Mama alikuwa ameanza tangawizi wiki nzima kabla, kwa ajili ya koo. Ameshapita themanini, kifua si kile cha zamani, na kuna siku sauti yake hutoka kama mlango wenye bawaba kavu. Kila mhitimu alipewa kadi mbili za wageni. Yangu moja ilikuwa ya mama, na ya pili nilimpa jirani. Wanangu wawili walikuwa wamegombania hiyo ya pili, nikaona heri wote waikose.

"Nimeletewa ratiba kwenye simu," jirani akasema, kabla sijakaa. Mwanangu mmoja, yule mwenye kinyongo, alikuwa amemtumia. "Kuna kitu hapa sielewi. Hebu msomee shosho." Ndivyo mtaa mzima unavyomwita mama, yaani bibi.

Nikasoma. Vigelegele, mabano, wote.

"Saa ngapi hiyo?" mama akauliza.

"Mwisho. Kabla ya sala."

"Na jina lako linasomwa mwisho?"

"Hapana, mama. Linasomwa mwanzo. Wa uzamili hutangulia."

Aliweka kikombe chini. "Kwa hiyo nikae na kigelegele mdomoni kama meno ya bandia, mpaka makamu amalize kuwashukuru waliopika?"

"Ndiyo taratibu."

"Mimi hata chafya sijawahi kuipangia saa."

Jirani akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye leso. Nikawaeleza basi yote, wahudumu, kusindikizwa, upendo. Nilidhani angalau mmoja wao ataogopa. Mama aliuliza tu kama wahudumu ni vijana au wazee.

"Vijana. Wanafunzi."

"Basi watanishika polepole," akasema, akamgeukia jirani. "Nahitaji pumzi tano tu."

"Usiniangalie mimi," jirani akamjibu. "Mimi ni mgeni kwenye nyumba ya ibada ya watu. Nitakaa kama picha."

Asubuhi ya mahafali mtaa wote wa kando ya chuo ulikuwa umegeuka soko. Nje ya lango wauzaji wa mataji ya karatasi zinazometameta walikuwa wamejitundika rangi zote shingoni, wapiga picha walikuwa na mashine zao za kuchapisha palepale, na kulikuwa na umati wa jamaa wasio na kadi. Huwa wanakuja tu. Familia ikipewa kadi mbili huja watu kumi na wanane, kwa imani kwamba mlinzi atachoka. Mlinzi huyu hakuchoka. Walijipanga kando ya uzio wa waya na vyombo vyao vya chakula, mahali ambapo vipaza sauti vilisikika vizuri kuliko ndani.

Mama alivaa kanzu yake ya zambarau ya umoja wa akina mama. Alipewa kiti cha mbele kwa sababu ya umri, jambo ambalo nadhani kasisi alikuja kulijutia. Jirani alikaa kando yake katika buibui nyeusi, mikono mapajani. Kama picha kweli.

Tukaandamana, tukaimba, tukahubiriwa kuhusu unyenyekevu. Chini ya hema kulikuwa na joto la kuokea mikate. Kisha msajili akaanza kusoma majina ya uzamili, moja moja, na baada ya kila jina kulikuwa na kile kimya kilichoagizwa, kizito, kinachosikika zaidi ya kelele. Baba mmoja alianza kupiga makofi, akajikuta peke yake, akayageuza yakawa kama anaua mbu. Mwanamke mbele yangu kwenye foleni alishuka jukwaani akilia bila sauti, na mama yake upande wa pili alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Nilimwona. Sikumbuki mahubiri, lakini ile mikono miwili naikumbuka.

Jina langu likasomwa. Nikapanda kwa mguu wa kushoto, nikapiga goti, na goti likatoa mlio ambao nadhani askofu aliusikia. Mkono wake ulikuwa kichwani kwangu nilipokisikia cha kwanza.

Kilitoka safi. Nilikuwa nimeogopa bawaba kavu, lakini kilitoka kama zamani, kikapanda mpaka kwenye turubai la hema. Mkono wa askofu ukashtuka. Kikaja cha pili. Nyuma yangu vilianza vicheko vya kubanwa, na mtu akasema "Wacha weh!" Kikaja cha tatu, kirefu kuliko vyote.

Kisha kimya.

"Inuka, dada," askofu akanong'ona.

"Bado, Baba Askofu."

"Bado nini?"

"Bado viwili."

Alinitazama kama mtu aliyesomewa lugha asiyoijua. Nikasubiri, goti likiniuma, na hakikuja kitu. Nikageuza shingo. Wahudumu wawili wenye shuka za kijani begani walikuwa wamemshika mama viwiko na kumwinua kitini, kwa upendo, siwezi kukanusha. Mmoja wao alikuwa akimpapasa mgongo. Jirani alikuwa amesimama pia, na katika uso wake hapakuwa na picha tena. Walikuwa wanampeleka langoni, na mama alikuwa amegeuka nyuma, ananitazama, na kwa mkono mmoja alikuwa ameinua vidole vitatu.

Hakuna mtu mwingine chini ya hema lile aliyejua maana ya vidole vile. Pengine wengine walidhani anatubariki kwa Utatu.

Nikainuka. Ngazi za jukwaa zina pande mbili. Upande wa kulia unarudi vitini, upande wa kushoto unaangukia kwenye zulia linalokwenda langoni. Mazoezini hatukufundishwa upande wa kushoto. Nikashuka huko.

Kasisi alinifikia katikati ya zulia, akitabasamu kwa ajili ya kamera, akisema bila kusogeza midomo. "Kiti chako kiko kule."

"Nakiona, Padri."

"Ukitoka, lango haliruhusu kurudi. Utakosa kuwekwa wakfu. Utakosa taulo."

"Taulo nyumbani zipo."

Nilijisikia vibaya kidogo, maana nimesema naipenda ile mila. Lakini nilikuwa na miguu ya watu wengine ya kuishughulikia, na ilikuwa inaburutwa kuelekea barabarani. Nikaendelea kutembea, bila haraka, kama tulivyofundishwa. Joho nililikanyaga mara mbili.

Nje nilimkuta mama ameketishwa juu ya kreti la soda na muuza mataji. Jirani alikuwa anampepea kwa ratiba. Mama hakuwa analia. Alikuwa na hasira ya aina ile inayomfanya mtu mzee aonekane kijana.

"Tatu," akasema aliponiona. "Umesikia? Wamenikatia palepale. Kwa tatu! Ni kama mama mkwe wangu amefufuka akavaa shuka ya kijani."

"Nimemwambia amalizie hapa," jirani akasema. "Hataki."

"Nimpigie nani? Huu ukuta? Mwenyewe alikuwa ndani."

"Mwenyewe huyu hapa," nikasema.

Akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu. Nadhani ni hapo tu alipong'amua kwamba nimetoka. "Na hao wa ndani?"

"Wanaendelea."

Jamaa wasio na kadi walikuwa wameshaanza kutusogelea, kwa kuwa mtu anayefukuzwa mahafalini ni tukio. Mpiga picha mmoja, kijana mwenye dredi, akachuchumaa mbele ya mama.

"Shosho, sasa. Kwani ni nini ilihappen?"

Mama akamweleza. Alimweleza vizuri, kwa utaratibu, kama anayetoa ushahidi kule mahakamani Makadara.

"Ngoja," kijana akasema. "Boy anapigiwa ngapi?"

"Tano."

"Na msichana?"

"Tatu."

Akafikiri. "Hiyo ni ufala, shosho."

"Nyamaza, hilo si neno la kumwambia mzee," mwanamke mmoja akamkemea.

"Mwache," mama akasema. "Neno ni baya lakini hesabu ameielewa."

Akasimama. Nikasimama mbele yake, sijui kwa nini nilinyoosha joho kama mtu anayepigwa picha. Akavuta pumzi, akaweka mkono mdomoni, akafungua, na hakikutoka kitu. Upepo tu. Akajaribu tena. Upepo, na kikohozi nyuma yake. Watu wakaanza kuangalia pembeni, kwa adabu, na ndani ya vipaza sauti msajili alikuwa anaendelea na majina.

Nilimtazama jirani. Miaka yote yule mwenzake alikuwa anapokea pale mama anapoishiwa. Nikamwonyesha kwa macho: pokea. Akatikisa kichwa.

"Hivi si vyangu," akasema. "Nikipokea hapa, nitakuwa nimemwibia."

Mama alimsikia, akaitikia kwa kichwa. Akaomba maji. Muuza mataji akampa chupa, akanywa kidogo, akasafisha koo, akatema kando ya barabara bila kuomba radhi. Kisha akanishika mabega kwa mikono miwili, ili kunitumia kama mtu anavyotumia nguzo, na kichwa akakirusha nyuma.

Cha nne kilikuwa kibaya. Nasema ukweli. Kilikwaruza kama bati linaloburutwa kwenye lami, kikakatika, kikajiunga. Lakini kilifika mwisho wake. Hakuna aliyecheka. Nilikuwa karibu na uso wake, nikaona mshipa shingoni umesimama, na nikataka kumwambia inatosha, mama. Sikusema. Maisha yangu yote watu wamekuwa wakimwambia mwanamke huyu inatosha.

Cha tano kilikuja bila bawaba. Sijui alikitoa wapi. Kilivuka uzio, kikaingia chini ya hema, na ndani ya vipaza sauti msajili akaanza jina la mtu, akaliacha katikati.

Halafu barabara ikalipuka. Wale jamaa wote wa pembeni ya uzio, waliokuwa na vyakula vyao na kimya chao tangu asubuhi, wakapiga mayowe, filimbi zikatoka mifukoni, na vuvuzela moja ikasikika kutoka mahali nisipopaona. Kijana wa dredi alikuwa anapiga picha bila kuuliza nani atalipa.

"Tano," mama akasema, akakaa kwenye kreti. Nikachuchumaa nikamshika mikono.

Mhudumu mmoja akatoka langoni, yule aliyekuwa akipapasa mgongo. Jasho lilikuwa limemlowesha.

"Shosho, pole sana. Padri anauliza kama mnaweza kupunguza kidogo. Tunaanza shahada za kwanza."

"Hapa ni wapi, mjukuu wangu?" mama akamuuliza.

"Hapa?" Akaangalia chini. "Hapa ni barabara."

"Ni ya Padri?"

"Hapana, shosho."

"Basi mpelekee salamu zangu."

Akajaribu kuficha tabasamu, akarudi ndani kupeleka salamu. Mimi nilivua kofia nikampepea mama nayo. Ndani wakasimamisha kundi la shahada za kwanza, na msajili, sauti yake sasa ikiwa na tahadhari ya mtu anayevuka daraja bovu, akaanza majina upya.

La tatu au la nne hivi lilipotajwa, mwanamume mmoja mwenye ovaroli ya kiwandani, aliyekuwa ameegemea uzio na mkewe na watoto, alishtuka kama aliyeguswa na umeme. Walikuwa wametembea kutoka mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben. Kadi zao mbili walikuwa wamewapa wajomba.

"Ni wetu!" akasema, akitugeukia. "Huyo ni wetu, mama! Ni msichana!"

Mkewe alikuwa amefungua mdomo na hakuna kilichotoka, alikuwa analia sana.

Mama akamgusa jirani kwa kiwiko. "Wewe je? Bado ni picha?"

Jirani alikuwa anakaza buibui kichwani. "Nipige ngapi?" akauliza, akijua vizuri.

Mama alikuwa keshasimama kwenye kreti, amenishika kichwa asianguke, na ameanza.